Bado Debe Moja

Jeneza lako, Lutangilo, lilitoka Makambako
juu ya Fuso ya viazi, limefungwa kamba za katani.
Lilikuwa na misumari. Niliihesabu: thelathini na sita,
na vishikio vya bati viling'aa kama meno ya mgeni.
Ungecheka. Ungepitisha kidole kwenye kiungo
ukauliza, kama ulivyouliza mbele ya kila kazi ya haraka,
"Huyu fundi alikuwa anawahi wapi?"

Mbao zako mwenyewe, mninga wa miaka kumi na mmoja
uliokauka darini juu ya moshi wa jiko,
ulizishusha masika yale surua ilipompitia
kitinda mimba wa Atuganile.
Hukudai kitu. Ulisema tu
mbao haziwekwi akiba mbele ya mtoto.

Nakukumbuka kwa masikio kwanza:
randa alfajiri, shwaa, shwaa,
sakitu ya Juni ingali nyeupe juu ya majani ya viazi,
na gurudumu lako kule mtoni likivuta kerezo
kwa mkanda uliokata kwenye tairi la trekta la misheni.
Bwana wa mradi alikuja na gari jeupe
akakuuliza nani alikufundisha.
Ulimwonyesha mto.
Akaandika. Hakurudi.

Patasi ulizifua kwa springi ya lori
lililoanguka mteremko wa Ndulamo.
Msumari uliuita uvivu wenye kichwa.
Ulimi ukiingia tundu lake, ulisema,
hauhitaji shahidi.

Hukuwa malaika. Ulinuna kama ukungu wa Kitulo,
na ulanzi ukichacha ulikuwa wa kwanza kujua.
Sekela, mkeo, alilala miaka tisa
kwenye kitanda chenye ubavu mmoja wa matofali
kwa sababu mti ulioutaka ulikuwa haujakomaa.
Ulikuwa umeuona. Ulikuwa unautembelea.

Mimi ni yule wa shoto,
niliyerudi shuleni vidole vimevimba kwa fimbo.
Hukunipa pole. Uliniambia nishike kipande cha mti
kama ninavyopenda kushika,
ukakitazama kiganja changu, ukarudi kwenye randa.
Jumapili ukaleta mwiko uliopinda upande wangu.
Mpaka leo ugali wa nyumba yangu husongwa kwa mwiko huo,
na shemeji zangu wakitaka kunisaidia, unawakataa.

Siku ya tatu baada ya kukuzika
Tupokigwe alipindua kigoda akitafuta kunguni,
akapiga ukelele.
Chini yake kulikuwa na kinyonga,
mkia umejikunja, jicho moja linatazama nyuma.
Kijiji kizima kikaanza kupindua viti.
Kwa mwalimu Mbilinyi, jogoo asiye na mkia.
Kwa mkunga, ua la pareto lililofumba nusu.
Kanisani, chini ya kiti cha mchungaji,
panya amelala usingizi wa mahubiri.
Miaka yote hiyo! Tulikuwa tumevikalia.

Sisi nasi tulipindua chetu. Mama alishika tochi.
Hapakuwa na ndege, hapakuwa na ua.
Penseli tu, mwandiko wako wa kuinamia kushoto:
*Bado debe moja.*
Mama akazima tochi.
Baba alikufa akiapa kwamba alilipa.

Basi nimekuja, Lutangilo.
Ni kikondo cha mavuno ya kwanza,
nimelijaza debe mpaka likawa na kilemba.
Sekela amelipokea bila kuuliza,
amemimina kapuni, amenirudishia debe
na ndani yake maranda, ya kuwashia moto, amesema.
Yananukia bado.

Nimepitia mtoni. Mkanda umekatika.
Gurudumu linazunguka tu, halivuti kitu,
limelowa, lina ukoka,
halijaambiwa.

Kigoda kipo jikoni. Ninakikalia nikimenya.
Maandishi sijayafuta.